Siku tatu Valletta nikiwa na mama mwenye maumivu ya magoti: tuanzie wapi?

BintiWaKibokoni aliuliza:

Assalaam aleikum, na heri kwenu nyote.

Mama yangu amekuja kunitembelea hapa Hamburg akitokea Mombasa, na kwa kuwa viza yake ya Schengen inamruhusu kuingia Malta bila kuomba nyingine, nimekata tiketi za kwenda Valletta, mji mkuu wake, kwa siku tatu katikati ya mwezi wa Aprili. Mama ana miaka sabini na miwili. Hamu yake ya kuona mambo ni kubwa kuliko yangu, lakini magoti yamemsaliti: anaweza kutembea polepole kwa nusu saa mahali palipo tambarare, na kupanda ngazi kumi hivi kabla ya kutafuta pa kukaa. Nimezitazama picha nyingi za Valletta, na karibu kila picha ina ngazi zinazoteremka hadi baharini.

Jambo la pili linanitia wasiwasi zaidi. Mama amekulia Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, karibu na Ngome ya Yesu. Nilipomweleza kwamba tunakwenda kuuona mji wa kale wa bandari, wenye kuta nene na mizinga, alinijibu kwamba yeye amezaliwa kivulini mwa ngome, ameolewa kivulini mwa ngome, na haoni sababu ya kupanda ndege ili akakae kivulini mwa ngome nyingine. Alisema kwa mzaha, lakini ninamjua mama yangu. Mzaha wake ndio hoja yake.

Ninaomba wenye uzoefu wanieleze tupange vipi siku hizo tatu ili asichoke bure, na kama kuna lolote mle ambalo mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa hajapata kuliona. Nimesoma pia kwamba kivutio kikubwa kuliko vyote ni kanisa. Mama havai ila buibui na mtandio, wala sijui kama atajisikia mgeni asiyetakiwa. Mwisho ni chakula: je, mtu asiyekula nguruwe anahitaji tahadhari gani?

BahariaMstaafu alijibu:

Binti yangu, wa aleikum salaam. Usizitishwe na picha hizo. Mpiga picha hutafuta ngazi kwa sababu zinapendeza, lakini mji wenyewe unatembeleka kwa kuziepuka nyingi, mradi ujue umekaaje. Nilifika huko mara ya kwanza nikiwa kijana wa chumba cha injini, meli yetu ilipoingizwa kwenye chelezo kwa matengenezo, tukakaa majuma matatu bila kazi ya kutosha. Nimerudi mara mbili nikiwa abiria, na safari ya mwisho nilikuwa na mkongojo, kwa hiyo swali lako nimelijibu kwa miguu yangu mwenyewe.

Chukua dau ulipindue ufukweni, tumbo likae juu. Hiyo ndiyo Valletta. Mkuku wake ni Barabara ya Jamhuri, ambayo huanzia kwenye lango la mji na kwenda moja kwa moja hadi ngome ya Mtakatifu Elmo kwenye ncha ya rasi, mwendo wa kilomita moja hivi. Mbavu zake ni njia nyembamba zinazoteremka pande zote mbili, upande mmoja kwenye Bandari Kuu na upande wa pili kwenye bandari ya Marsamxett, na zile ngazi unazoziona pichani karibu zote ziko mbavuni. Mabasi mengi ya kisiwa hicho hukomea kwenye chemchemi ya Tritoni, nje kidogo ya lango, yaani juu kabisa ya mkuku, hivyo mama atafika akiwa tayari yuko juu. Mtembee juu ya mkuku, na mkitaka kufika majini mtumie lifti. Ukishuka ubavuni kwa miguu ukavutwa na uzuri wa mteremko, utakumbuka kwamba kuna kurudi.

Siku ya kwanza msiingie jumba lolote. Piteni langoni, ambapo mkono wa kulia mtaliona bunge jipya lililosanifiwa na Renzo Piano na kukamilika mwaka 2015, na mbele yake kidogo magofu ya jumba la opera lililobomolewa kwa mabomu mwezi wa Aprili 1942. Nguzo zake zimeachwa zilivyo, na kati yake kuna ukumbi wa wazi wa maonyesho. Hapo pindeni kulia na mtafika bustani ya Barrakka ya Juu kwa dakika chache za njia isiyo na kilima. Mfike saa tano na nusu asubuhi mpate viti, kwa sababu saa sita kamili mzinga hupigwa kwenye sitaha iliyo chini ya bustani, na hupigwa tena saa kumi alasiri. Mwonye mama mapema, maana mshindo wake si mdogo.

Viti hivyo vya bustani ndivyo vitakavyokuokoa, kwa sababu kutoka hapo vita vyote vya mwaka 1565 husimuliwa kwa kunyoosha kidole. Ng'ambo ya maji, mkabala na uso wako, kuna Ngome ya Mtakatifu Angelo kwenye ncha ya mji wa Birgu. Wale askari-watawa wa Mtakatifu Yohane walikuwa wakiishi huko Birgu tangu mwaka 1530, walipopewa Malta baada ya kufukuzwa Rhodes na Sultani Suleiman. Upande huu ulipokaa wewe hapakuwa na mji. Palikuwa kilima kitupu, na kwenye ncha yake ngome ndogo ya Elmo peke yake. Waturuki wa Dola ya Uthmaniya walipofika mwezi wa Mei, walipanda juu ya kilima hiki na kuielekezea Elmo mizinga. Iliwachukua karibu mwezi mzima kuiteka, tarehe 23 Juni, na katika kuipigania walimpoteza Turgut Reis, nahodha wao mashuhuri kuliko wote. Walinzi wa ngome karibu wote waliuawa. Lakini mwezi huo ndio uliowapotezea Waturuki majira, kwa kuwa Birgu iliendelea kushikilia mpaka jeshi la msaada lilipowasili kutoka Sisilia mwezi wa Septemba. Mkuu wa watawa wale, Jean de Valette, alijifunza somo moja, kwamba mwenye kilima ndiye mwenye bandari, na tarehe 28 Machi 1566 aliweka jiwe la msingi la mji juu ya kilima hicho. Mji haukukua nyumba kwa nyumba kama Kibokoni. Mhandisi Francesco Laparelli, aliyeletwa kutoka Italia, aliuchora wote kwa pamoja, njia zake zikikatana kama nyuzi za mkeka, na kila nyumba ikatakiwa iwe na birika lake la maji ya mvua chini ya ardhi ili mzingiro mwingine ukija watu wasife kwa kiu.

Siku ya pili mshuke kwa lifti iliyo pembeni mwa bustani hiyohiyo. Ina kimo cha mita 58 na huteremka hadi karibu na gati, ambako kuna kivuko kidogo cha kwenda ng'ambo, na pia mashua za asili ziitwazo dgħajsa, ambazo baharia wake ataikaribisha vizuri ili mama aingie bila kuruka. Nauli ya lifti ni ndogo, nayo hulipwa wakati wa kurudi juu. Ukiwa katikati ya maji geuka nyuma uutazame mji. Nimeiona bandari ya Mombasa, ya Unguja, ya Aden na nyingine nyingi ambazo sitazitaja, na sijaona mahali ambapo kuta hutoka moja kwa moja majini kwa kimo kile. Ngome ya Yesu ni ngome iliyo ndani ya mji. Huku mji wote umo ndani ya ngome, na mtu huliona hilo akiwa majini.

SafariFupi alijibu:

Ninaheshimu maelezo ya mzee wetu, lakini nadhani siku tatu ni nyingi kwa mji wenye ukubwa huo. Wakazi wake ni zaidi kidogo ya elfu tano tu. Mimi nilishuka melini saa mbili asubuhi pamoja na wenzangu, na kufikia saa kumi na moja jioni tulikuwa tumeona kanisa kuu, kasri la wakuu wa watawa pamoja na ghala lake la silaha, makumbusho ya vita ndani ya Elmo, makumbusho ya mambo ya kale na bustani zote mbili za Barrakka. Tiketi zote tulinunua kabla kwa mtandao. Ningekushauri siku moja iwe ya Valletta, ya pili muende Mdina, mji mkuu wa zamani ulio katikati ya kisiwa, na ya tatu muende kisiwa jirani cha Gozo kwa feri.

Kuhusu mambo ya kawaida, magari hupita kushoto kama kwetu, plagi za umeme zina meno matatu kama za kwetu, na kila mtu huzungumza Kiingereza. Ikiwa safari yenu itaangukia Juma Kuu la Wakristo, ujue kwamba Ijumaa Kuu makanisa huwa ya ibada na maandamano, si ya watalii.

MsomaKuta alijibu:

Ndugu SafariFupi, sina shaka kwamba mliyaona yote hayo, ila ningependa kujua mnakumbuka nini. Kwa mama wa miaka sabini na miwili mwenye magoti mazito, orodha yako ni adhabu. Mimi ningeondoa Gozo kabisa. Mdina ningeiacha kama ya hiari, kwa sababu ni tulivu na ina njia fupi, na basi huwafikisha karibu na lango lake. Siku zote mbili na nusu zilizobaki ningeziacha Valletta na Birgu.

Dada BintiWaKibokoni, hoja ya mama ni nzuri kuliko anavyodhani, na badala ya kuipinga ningeitumia. Ngome ya Yesu ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na Wareno waliijenga baada ya Amir Ali Bey, kamanda wa Dola ya Uthmaniya, kufika na merikebu zake pwani yetu katika miaka ya 1580. Valletta nayo imechorwa na Mwitaliano, miaka ipatayo thelathini kabla, kwa hofu ya dola hiyohiyo. Ndiyo maana mama akifika langoni na kuchungulia handaki lililokatwa katika mwamba, kisha akaziona pembe za buruji zinazojitokeza nje ili mzinga wa upande mmoja ulinde ukuta wa upande wa pili, ataona kitu anachokijua tangu utotoni. Tofauti ni kwamba ya kwao ni mtoto na hii ni mzazi. Mwambie anakwenda kumtazama mkwe.

Ama kanisa kuu la Mtakatifu Yohane, msiliache. Halipo mbavuni, lipo karibu na mkuku, na ndani ni tambarare. Kwa nje ni zito kama ghala, kwa sababu aliyelijenga, Girolamo Cassar, alikuwa mhandisi wa kijeshi. Ndani hamtapata shibri moja ya ukuta isiyochongwa au kupakwa dhahabu, na sakafu yote ni makaburi, karibu mia nne, yaliyofunikwa kwa marumaru za rangi zenye picha za mifupa, malaika na nembo za koo. Mavazi yanayotakiwa ni ya heshima, mabega na magoti yafunikwe, kwa hiyo kati ya wageni wote mama ndiye atakayekuwa amevaa sawasawa. Viatu vyenye visigino vyembamba haviruhusiwi kwa sababu hutoboa marumaru. Siku ya Jumapili halifunguliwi kwa watalii.

Katika chumba cha pembeni kuna mchoro wa Caravaggio, mchoraji wa Kiitaliano, wa kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, alioumaliza mwaka 1608. Upana wake unazidi mita tano. Caravaggio alikuwa ameua mtu Roma, akakimbia, akafika Malta mwaka 1607, na watawa wale wakampokea na kumfanya mmoja wao. Huo ndio mchoro pekee alioutia sahihi, na sahihi yenyewe ameiandika kwa ile damu inayotiririka kutoka shingoni mwa nabii. Miezi michache baadaye aligombana na mwenzake, akafungwa katika Ngome ya Mtakatifu Angelo, ile ile mtakayokuwa mmeiangalia mkiwa bustanini, akatoroka. Mwezi wa Desemba wenzake waliketi katika chumba kile kile, mbele ya mchoro ule ule, wakamvua uanachama. Wageni wengi hukaa mbele yake dakika mbili kwa ajili ya picha ya simu. Kuna viti; mketi mpaka macho yazoee giza la ule ukuta uliochorwa nyuma ya watu, kwa maana nusu ya mchoro haina mtu yeyote, na utupu huo ndio unaotisha.

Kuna jambo jingine ambalo viongozi wa watalii hulipita haraka, na ambalo mtu wa pwani yetu halipiti haraka. Fedha zilizong'arisha kanisa lile hazikutoka katika mashamba ya Ulaya peke yake. Watawa wale walikuwa maharamia wenye baraka. Meli zao ziliteka merikebu za Waislamu, na mateka walipelekwa Valletta wakawa watumwa, wengine wakipiga makasia, wengine wakijenga kuta. Mwaka 1749 watumwa walipanga njama ya kumuua mkuu wa watawa, Pinto, ikagunduliwa kabla ya siku yake, na waliohusika wakauawa kikatili. Utumwa huo ulikoma Napoleon alipokiteka kisiwa mwaka 1798. Ukiwa kanisani ingia kanisa dogo la Aragon utafute kaburi la Nicolas Cotoner, mmoja wa wakuu wa watawa wale. Chini ya mzigo wa silaha na sanamu ya mkuu huyo wameinama watu wawili waliochongwa kwa marumaru, mmoja sura ya Asia, wa pili Mwafrika, nao ndio waliobeba kila kitu. Mchongaji alidhani anamsifu Cotoner. Mimi nilisimama pale muda mrefu nikimtazama yule Mwafrika, kwa sababu uso wake umechongwa kwa uangalifu mkubwa kuliko uso wa bwana wake.

MwalimuWaSarufi alijibu:

Nimeona SafariFupi akisema kwamba kila mtu huko huzungumza Kiingereza, na ni kweli, lakini nimesikitika kidogo kwamba hakuna aliyemwambia dada huyu jambo litakalomfurahisha mama yake kuliko kuta zote. Mama atakapoketi kwenye mkahawa, azibe midomo afungue masikio.

Kimalta ni lugha ya Kisemiti iliyotokana na Kiarabu cha Sisilia cha zama za Waarabu, waliokitawala kisiwa hicho kuanzia mwaka 870 hadi kilipotekwa na Wanormani mwaka 1091. Ndiyo lugha pekee ya jamii hiyo katika lugha rasmi za Umoja wa Ulaya, nayo huandikwa kwa herufi za Kilatini kama Kiswahili chetu cha leo. Baadaye imepokea maneno mengi sana ya Kiitaliano, lakini msingi wake haukubadilika. Kiswahili nacho, kwa njia nyingine kabisa, kilikopa kutoka Kiarabu, na kwa sababu hiyo lugha mbili zisizo na undugu wowote zinajikuta zimevaa nguo za duka moja.

Mama atasikia mchuuzi akihesabu na kufika sitta, sebgħa, kisha baadaye disgħa, na hatahitaji kuambiwa kwamba ni sita, saba na tisa. Siku ya Alhamisi wao huiita il-Ħamis, na Ijumaa ni il-Ġimgħa. Kitabu ni ktieb, bahari ni baħar, sukari ni zokkor, asali ni għasel. Mtu wa kuhurumiwa ni miskin. Mfalme, hata awe wa Kikristo, ni sultan. Njia ni triq, na wazee wa Kibokoni waliosoma chuoni wanalijua neno tariki. Lililonigusa zaidi ni la ibada: Wamalta ni Wakatoliki wa kushika dini, lakini Mungu wao humwita Alla, na kipindi cha mfungo kabla ya Pasaka, ambacho Wakristo wa kwetu hukiita Kwaresima, wao hukiita Randan, neno lililotokana na Ramadhani. Dini ilibadilika, na jina la kufunga likabaki. Mkienda Aprili huenda mkaliona limeandikwa kwenye madirisha ya maduka ya mikate.

Hapo ndipo ninapofikia swali la chakula, kwa kuwa lugha hiyohiyo itawasaidia. Kitafunwa maarufu kuliko vyote ni pastizzi, cha unga wa tabaka nyingi, kilichojazwa jibini laini au njegere zilizopondwa, nacho huuzwa kwa bei ndogo kila kona. Kwa kukitazama mtu hudhani hakina nyama, na kwa kweli ndani hakina, lakini unga wake kwa desturi huweza kukandwa kwa mafuta ya nguruwe, ingawa wengi siku hizi hutumia majarini. Neno la mafuta hayo kwa Kimalta ni xaħam, na herufi ya x husomwa sh. Mama akilisikia atatambua mara moja kwamba ni shahamu. Basi ulizeni kabla ya kula kama kuna xaħam, na nyama ya nguruwe yenyewe huitwa majjal. Vinginevyo hamtapata taabu: kuna samaki, ambao ni ħut, jina mlijualo katika nyota ya Hutu, kuna ftira, mkate wa duara unaopasuliwa na kujazwa jodari, nyanya, zeituni na kapari, na karibu na lango la mji huuzwa imqaret, vipande vya unga vilivyojazwa tende na kukaangwa mafutani. Hivyo navyo ulizeni juu ya unga wake, lakini harufu yake peke yake itamrudisha mama nyumbani.

BintiWaKibokoni aliandika:

Ninawashukuru nyote, hasa Mzee Baharia, ambaye nimechelewa kumwamkia: shikamoo. Nilimsomea mama majibu yenu jana usiku. Lile dau lililopinduliwa alilielewa kabla sijamaliza sentensi, akaniuliza kama mkuku wenyewe uko sawa au nao una mteremko. Kwenye habari ya yule Mwafrika wa marumaru alinyamaza, kisha akaniambia nisome tena. Ama maneno ya Kimalta, ameniomba nimwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na asubuhi ya leo nimemkuta jikoni akijisomea "sebgħa" kwa matamshi ya madrasa.

Nimeamua kuiacha Gozo, na Mdina tutaiamua tukifika. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza ni hilo la mama juu ya mteremko. La pili ni kama tunapaswa kwenda hadi Elmo, au inatosha kuitazama kutoka mbali. Na je, bahari ya Aprili ni salama kwa mashua ndogo?

BahariaMstaafu alijibu:

Marahaba, binti yangu, na mfikishie mama salamu zangu. Swali lake ni la mtu anayejua vyombo. Mkuku hauko sawa wote. Kuanzia langoni, kupita kanisa kuu na makumbusho ya mambo ya kale, hadi uwanja ulio mbele ya kasri, njia haina shida. Hapo kwenye uwanja pumzikeni, mziangalie roshani za mbao zilizofungwa kwa vioo, za kijani, nyekundu na buluu, zinazoning'inia juu ya njia. Mama atakuwa na mengi ya kusema juu ya mafundi wake akizilinganisha na za kwao. Baada ya kasri mteremko huanza, na kadiri unavyoikaribia Elmo ndivyo unavyozidi. Kwenda ni rahisi, kurudi ndiko kugumu.

Kwa hiyo Elmo ningeifanya ya siku ya tatu, na mwende kwa teksi au kwa basi dogo linalouzunguka mji. Ninasema mwende, kwa sababu makumbusho ya vita yaliyomo yana nishani ya Msalaba wa George, ambayo Mfalme wa Uingereza aliwatunuku watu wa kisiwa kizima tarehe 15 Aprili 1942, wakati mabomu yalipokuwa yakiwaangukia kila siku na chakula kikiwa kimekwisha. Mwezi wa Agosti mwaka huo meli ya mafuta iitwayo Ohio iliingizwa Bandari Kuu ikiwa karibu kuzama, imefungwa ubavuni mwa manowari mbili ili isiende chini. Mabaharia wazee niliofanya kazi nao walikuwa wakiisimulia habari ya Ohio kama watu wengine wanavyosimulia habari za mitume. Ndani ya ngome mna uwanja mpana na vyumba vingi, kwa hiyo chagueni vya vita vya pili vya dunia na mviache vingine.

Kuhusu bahari, mdomo wa Bandari Kuu unatazama kaskazini mashariki, na upepo unaosumbua pale ni grigal, unaotoka upande uleule wa kaskazi yetu. Siku nyingi za Aprili maji ya ndani ya bandari hutulia kama ya Kilindini, na mashua haina neno. Lakini grigal ikivuma, wimbi huingia mpaka ndani, na hata kivuko chaweza kusimama. Mtaijua kwa kuchungulia kutoka bustanini kabla hamjashuka: mkiona povu limepanda juu ya kuta za kuvunja mawimbi pale mdomoni, msiteremke kwa lifti siku hiyo. Geuzeni ratiba, muingie kanisani kwanza. Na mkitaka kumuuliza mwenyeji mzinga utapigwa saa ngapi, atawajibu nofsinhar. Mama atalitambua nusu, na nahari atalikumbuka kutoka chuoni.